Andrea si mwanamke: majina ya Kiitaliano na Kiingereza kwa sisi wa Malindi

Kosa lililonifundisha kazi hii nililifanya nikiwa mapokezi katika hoteli moja huku Casuarina. Oda ya vyumba ilikuja kwa Kiingereza ikiwa na majina mawili, Andrea na Simone. Nikajibu nikiwaita "Signora" wote wawili, na vitandani nikawawekea kanga za zawadi. Wakashuka garini wanaume wawili wenye mvi, mtu na kaka yake. Walinisamehe, lakini usiku ule sikulala vizuri, maana kumkosea mtu jina ni kumkosea yeye. Kwa Mwingereza, Andrea na Simone ni wanawake. Kwa Mwitaliano ni wanaume, pamoja na Nicola, Gabriele na Michele. Usikisie kwa herufi ya mwisho. Tazama pasipoti au uliza.

Leo ni mkalimani, na vijana wa hapa huniuliza: Giovanni si ndiye John? Ndiye, kama Yohana wetu. Giuseppe ni Joseph, Guglielmo ni William, Pietro ni Peter. Lakini kuyajua hayo si ruhusa ya kumbadilishia mtu jina. Mgeni wako mwache na jina lake kama lilivyo kwenye hati. Yanayogeuzwa ni majina ya watakatifu, mapapa, wafalme na baadhi ya watu wa kale: Cristoforo Colombo ni Christopher Columbus; Malkia Elizabeth Waitaliano walimwita Elisabetta, na mwanawe Charles humwita Carlo. Mfano mzuri tunao hapo Ngomeni. Mtakatifu mwenyewe kwa Kiingereza ni Saint Mark, ila jukwaa la San Marco, lililorusha setilaiti mwaka 1967, ni San Marco kwa kila lugha. Wala Luigi Broglio, mhandisi ambaye kituo kile kina jina lake sasa, hawi Louis.

Jihadhari na Yakobo. Sisi tuna jina moja kwa yule mzee wa Agano la Kale na kwa mtume wa Yesu. Waitaliano humwita mzee Giacobbe na mtume Giacomo. Waingereza husema Jacob na James. Basi ukikutana na mtume Giacomo, andika James.

Maneno yanayolizunguka jina ndiyo ya kutafsiri kwa moyo wote. "Mi chiamo" iko karibu zaidi na "naitwa" yetu kuliko "my name is", kwa hiyo pitia Kiswahili. Mtu mzima usiyemjua muulize "Come si chiama?", na mtoto au rika lako "Come ti chiami?" Ile ya kwanza pia ni "anaitwa nani?", basi muelekee unayemuuliza asije akadhani unamtaja mwingine. Mwingereza akisema mtoto "is named after his grandfather", Mwitaliano husema "porta il nome del nonno", amebeba jina la babu. Sisi tuna neno tamu kuliko yote mawili: ni somo wa babu yake. "To call someone names" ni kutukana, "insultare", hakuna jina lolote hapo. Na fulani bin fulani wetu, kwa Waingereza ni Tom, Dick and Harry, kwa Waitaliano Tizio, Caio e Sempronio.

Kwenye fomu, "nome" ni jina la kwanza na "cognome" ni la ukoo. Pasipoti yao hutanguliza cognome. Mke wa Kiitaliano hubaki na jina la ukoo alilozaliwa nalo, kama mama zetu wanavyobaki na la baba, kwa hiyo usiwatilie shaka mume na mke wenye majina tofauti.

Kisha matamshi. Kwao "ch" ni "k": Chiara ni Kiara, na Charo wetu watamwita Karo. Kahindi naye atapoteza h yake. Mimi huwaandikia "Ciaro" kwenye kikaratasi, nao hupatia papo hapo. Kwenye hati anabaki Charo. Nikiitwa kusoma majina harusini, namwomba kila mmoja atamke lake kwanza, nami nalinakili kwa herufi zetu: Jovanni, Kiara, Luchia. Likisomwa hivyo kwa Kiswahili cha kawaida, Lucia hutoka sawasawa, hata mkazo wake.