Jinsi ya kufuatilia jina la mmea lililokufa: mfano wa "setwall"

Ukitafsiri vitabu vya kale vya mitishamba, lazima utakutana na jina ambalo leo hakuna muuza dawa wala mkulima anayelijua. "Setwall" ya Kiingereza ni mfano mzuri.

Hatua ya 1: Kusanya tahajia zote. Utaikuta setwall, setewale na cetewale. Zisome kwa sauti. Usiipasue "setwall" vipande viwili ukaona "wall" na kudhani ni mmea wa ukutani. Ukuta haumo, tahajia za zamani zinaishia na -wale.

Hatua ya 2: Rudi nyuma lugha kwa lugha. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, waliosema citoual. Nyuma yake kuna Kilatini zedoarium, kisha Kiarabu zadwar, kilicholitoa kwa Waajemi. R imegeuka L njiani, jambo ambalo sisi tunaosikia "kura" na "kula" zikibadilishana kila siku tunalielewa upesi.

Hatua ya 3: Uliza mwaka kabla ya kuuliza mmea. Hapa usiharakishe. Zadwar ni mzizi wa Curcuma zedoaria, ndugu wa manjano na tangawizi, ulioletwa Ulaya kutoka Asia pamoja na viungo vingine. Ukiukata mbichi unasikia harufu ya tangawizi iliyochanganyika na ya embe. Mwishoni mwa karne ya 14, mshairi Mwingereza Chaucer anamfananisha kijana mmoja na utamu wa likorisi (mzizi mtamu) na cetewale: huo ndio mzizi wa Asia. Lakini mwaka 1597 John Gerard, katika kitabu chake cha mitishamba, anaandika sura ya "valeriani, au setwall". Jina limehamia kwenye mmea wa bustani za Uingereza, nao una mzizi wa dawa wenye harufu kali. Niliwahi kuandika "valeriani" katika tafsiri ya maandishi ya karne ya 14, nikalazimika kurudia ukurasa mzima.

Hatua ya 4: Tazama nani alikula. Gerard anasema maskini wa kaskazini mwa Uingereza waliona mchuzi usio na setwall hauna maana, na walikuwa na msemo wa vina: atakaye afya atie setwall mchuzini. Kiungo cha kuvushwa bahari hakiingii kila siku katika chungu cha maskini. Mmea wa nyuma ya nyumba unaingia.

Hatua ya 5: Andika tafsiri. Liache jina la kale, kisha taja mmea kulingana na mwaka wa maandishi.