Mzee alivuta sigara miaka mingi? Hivi ndo unavyompeleka kupima mapafu ukiwa Marekani

Hii ni kwa nyie mlioko Marekani mna baba au mjomba aliyevuta sana, hakohoi, haumwi, anasema yuko fiti. Huyo ndo wa kupimwa, maana kansa ya mapafu ikishaanza kuuma mara nyingi imeshasambaa. Anayekohoa damu au anayekonda bila sababu hii haimhusu, huyo aende hospitali leo leo.

Piga hesabu kwanza. Mwongozo wa kule tangu 2021 unataka awe na miaka 50 hadi 80, awe bado anavuta au ameacha ndani ya miaka 15, halafu pakiti za kwa siku mara miaka aliyovuta ifike 20. Sasa wazee wetu wengi walikuwa wananunua moja moja dukani, pakiti hawaijui, so chukua sigara za siku gawanya kwa 20 (pakiti moja ni sigara 20), upate pakiti za siku. Kumi kwa siku kwa miaka 40, tayari ameingia. Na jamani muulizeni mkiwa wawili tu, mzee hawezi kutaja idadi ya kweli mbele ya mkwe.

Kwa daktari ombeni siti skani ya mionzi kidogo, msikubali eksirei. Utafiti wa Marekani uliotoka 2011, watu zaidi ya 53,000, vifo vya kansa hii vilipungua kama asilimia 20 kwa waliopigwa siti skani kuliko wa eksirei. Medicare, yaani bima ya afya ya serikali hasa ya wazee, inalipia miaka 50 hadi 77, ila lazima kwanza akae na daktari waongee faida na hasara.

Kipimo chenyewe hakina sindano wala kufunga, analala chali, mikono juu, anabana pumzi sekunde chache, basi.

Kama aliwahi kuugua TB semeni mapema!! Makovu yake yanaweza kuonekana kama vinundu, yaani vidoa vidogo kwenye picha ya mapafu, mkakatishwa tamaa bure. Ile filamu ya eksirei ya zamani iliyoko kabatini nyumbani mtu aitume, daktari akiona kinundu hakijabadilika miaka yote hiyo anatulia.

Vinundu vingi si kansa. Cha kutiliwa shaka kidogo anaweza kuambiwa arudi baada ya miezi 6 au 3, kibaya zaidi anaongezewa vipimo, akiwa safi anarudi mwakani. Hiyo tarehe iweke kwenye simu yako wewe, sio yake.