Memori imeongezwa, kompyuta imekuwa nzito

Kompyuta ya mezani ninayoitumia katika duka langu la steshenari hapa Kirumba, Mwanza, iliongezewa memori kutoka gigabaiti 4 hadi 8, na badala ya kuchangamka ikawa nzito kuliko awali. Likikupata hilo, kabla hujamlaumu fundi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue sehemu ya utendaji (Performance) na usome kiasi cha memori kinachotumika kweli pamoja na kasi yake. Ikiwa Windows yako ni ya biti 32, haitavuka gigabaiti 4 hata ukijaza nafasi zote. Itabidi uweke ya biti 64, mradi prosesa inaikubali.

Kasi nayo huwapotosha wengi. Kipande cha memori chenye kasi ya megahezi 1600 kikiwekwa pamoja na cha 1333, vyote viwili hufuata mwendo wa 1333, lakini tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kuigandisha mashine. Mashine ikigandaganda, mimi hushuku kwanza kipande kibovu au kisichokaa sawasawa. Changu kilikuwa na utando wa uchafu kwenye meno yake ya rangi ya dhahabu (unyevu wa ziwani hauna simile), kwa hiyo nilizima kompyuta, nikachomoa waya wa umeme, nikayasugua taratibu kwa ufutio mweupe, kisha nikakikandamiza hadi vishikizo vya pembeni vikajifunga kwa mlio. Tatizo likiendelea, washa kompyuta ikiwa na kipande kimoja tu, halafu ujaribu na kingine katika nafasi ileile.