Kagua nyaya za mlingoti kabla ya upepo mkali wa Mwera

Wenye mashua za tanga za zamani pale Matema, Ziwa Nyasa, unene wa mlingoti usiwadanganye. Unasimama kwa sababu nyaya za mbele, nyuma na ubavuni zinauvuta kila upande; ikikatika moja ya upande unaotoka upepo, mlingoti unaweza kwenda majini. Kabla Mwera haujachachamaa, pitisha karatasi ya chooni juu ya kila waya. Ikinasa, kuna uzi uliokatika. (Mkono mtupu hapana, utachanika.) Kazia macho hasa pale waya unapoingia kwenye kishikio cha chini: maji hutuama humo, na kutu na nyufa huanzia ndani. Uzi mmoja ukikatika, badilisha waya mzima. Kuukaza zaidi hakusaidii. Nyasa haina chumvi, sawa, lakini hata waya usioshika kutu huchoka kwa kuvutwa miaka mingi.