"Therefore" haikai baada ya mkato

Nilipoanza ukarani kwenye ghala la saruji, barua yangu ya kwanza ya Kiingereza ilinirudia ikiwa na duara jekundu. Halikuzunguka neno, lilizunguka mkato. Nilikuwa nimeandika: "The lorry broke down, therefore the cement arrived late." Bosi, mzee wa maneno machache, alifuta mkato, akatia nukta, akaikuza "t", basi. Maelezo hakutoa. Nami nikabaki nimeduwaa, kwa sababu kwa Kiswahili sentensi hiyo haina kasoro: lori liliharibika, kwa hiyo saruji ilichelewa.

Kumbe "therefore" ni kielezi, si kiunganishi. Kinaonyesha kwamba jambo la pili limetokana na la kwanza, lakini hakina nguvu ya kuzifunga sentensi mbili kamili pamoja. Kazi hiyo iachie nukta au nukta mkato: "The lorry broke down; therefore, the cement arrived late." Ukiupenda sana mkato wako, tumia "so": "The lorry broke down, so the cement arrived late." Sheria hii inawabana pia "consequently" na "as a result".

Ukisahau nani ni nani, jaribu kulisogeza neno lenyewe. "The cement therefore arrived late" inakubalika. "The cement so arrived late" hakuna anayesema. Linalotembea ndani ya sentensi namna hiyo ni kielezi, usilitegemee kuunga.

Kosa la pili ni letu hasa, tumelitoa nyumbani. Sisi tunasema, "Kwa kuwa barabara ilijaa maji, basi tulichelewa," na "basi" hiyo inaipa sentensi mwendo mzuri. Ukiihamisha ilivyo unapata "Because the road was flooded, so we were late." Kiingereza kinataka kimoja tu: ama "because", ama "so". Nimeliona kosa hili hata kwa watu wenye shahada, na mimi mwenyewe bado hunitoka nikiandika kwa haraka.

"Hence" ina upendeleo wake: inaweza kufuatwa na nomino peke yake, na hapo mkato unaruhusiwa, kwa sababu kinachofuata si sentensi kamili. "The bridge was closed, hence the delay." "Thus" nayo hupenda kitenzi chenye -ing: "Rain got into the store, thus ruining forty bags."

"As a result" iangalie mkia. Bila "of", inaanzisha sentensi nzima: "As a result, the bags hardened." Ikiwa na "of", inataka nomino: "As a result of the rain, the bags hardened." Usiandike "as a result of it rained".

"Subsequently" si ndugu yao, ingawa inafanana sana na "consequently". Maana yake ni "baadaye" tu. Ukimwandikia mteja kwamba mifuko ililowa na "subsequently" ikaganda, hujasema maji ndiyo yaliyoigandisha, na kwenye barua ya madai ya fidia hilo ni pengo.

Kabla ya kuandika lolote kati ya haya, igeuze sentensi kwa "because": "The cement arrived late because the lorry broke down." Ikisimama, endelea. Isiposimama, huna sababu na matokeo, una mambo mawili yaliyokaa jirani.

Na usimwage. Barua yangu ya pili ilikuwa na "therefore" tatu, zote na alama sahihi, nikaipeleka kifua mbele. Mzee alikata mbili. Kwa ujumbe wa simu usiandike hata moja. Kumwambia rafiki "therefore I am late" ni kama kumsomea hukumu. Mwambie "that's why I'm late", ile "ndiyo maana" yetu ya kila siku.