Nyuki wa sakafuni: ninavyofundisha programu darasa la pili

Roboti yangu ni Bee-Bot, yule nyuki wa plastiki kutoka Uingereza. Mgongoni ana vitufe saba: mbele, nyuma, kulia, kushoto, kusita kidogo, kufuta, na cha kijani katikati kilichoandikwa GO. Ukimwambia mbele anasogea sentimita 15. Ukimwambia kulia au kushoto anageuka nyuzi 90. Ninaye mmoja kwa darasa zima na hilo halinisumbui. Kila mtoto angekuwa na wake, wangebonyeza tu bila kufikiri.

Hatua ya 1: Chora uwanja

Piga deki kwanza, pakauke. Penye vumbi magurudumu huteleza, nyuki anakwenda upande, na mtoto anadhani amekosea yeye. Kisha chora kwa chaki miraba ya sentimita 15, sita kwa minne. Rula ya sentimita 30 inapima miwili kwa mpigo. Weka picha za soko, shule, kisima, na dimbwi la kukwepa.

Hatua ya 2: Mtoto awe roboti

Nyuki abaki kwenye boksi kwanza. Mmoja anasimama uwanjani, mwenzake anatoa amri moja moja. Seymour Papert, mmoja wa waliobuni Logo, lugha ya programu kwa watoto, huko Marekani mwaka 1967, naye alitaka watoto wajitie mahali pa kobe wake, yule anayetembezwa kwa amri za Logo.

Kazi yenyewe iko hapa. Ukisema "kulia", wengi wanaruka pembeni hatua moja. Warudishe. Kulia ni kugeuka palepale, mguu hauendi popote mpaka isemwe "mbele". Halafu mtoa amri akisimama uso kwa uso na roboti, utasikia: kulia kwa nani, kwangu au kwake? Waache wabishane kidogo, kisha mhamishe mtoa amri nyuma ya roboti, watazame upande mmoja. Mimi humfunga roboti utepe mwekundu mkono wa kulia, na nyuki nimembandika stika nyekundu upande huohuo.

Hatua ya 3: Kadi kabla ya kitufe

Kata manila, chora mshale mmoja kila kadi. Hakuna kugusa nyuki kabla kadi hazijapangwa. Tuseme kisima kiko miraba miwili mbele na mmoja kulia. Kikundi kinapanga: mbele, mbele, kulia. GO. Nyuki anakwenda, anageuka, anasimama anakitazama kisima.

"Mwalimu, amegoma!"

Hajagoma, ametii. Usiwape jibu. Uliza tu, "Kadi ya mwisho ilimwambia afanye nini?" Kimya kidogo, kisha mkono mmoja unaokota "mbele" nyingine.

Hatua ya 4: Futa

Kabla ya safari mpya bonyeza X, kitufe cha kufuta. Nyuki hasahau: amri mpya anaziunga kwenye mkia wa zile za zamani. Wiki ya kwanza nilibonyeza tatu akaenda nane, nikaanza kutafuta risiti nimrudishe dukani. Siku hizi darasa zima hupiga kelele "Futa!" kabla sijafungua mdomo.

Hatua ya 5: Saka kosa

Akipotea, mrudishe alipoanzia, bonyeza GO tena. Mmoja afuate kadi kwa kidole. Nyuki husita kidogo kati ya amri na amri, kwa hiyo kidole kinamwahi. Anapokwenda kombo, kidole kipo juu ya kadi yenye kosa. Badilisha hiyo peke yake. Kuvuruga kadi zote ni marufuku kwangu, maana anayeanza upya hajui alikosea wapi.

Hatua ya 6: Marudio

Mpe mtoto kazi ya kumtembeza nyuki kwa umbo la mraba, hatua moja kila upande, mpaka arudi alipotoka. Kadi zitakuwa nane: mbele, kulia, mbele, kulia, na kuendelea. Mtoto mmoja atalalamika, "Si ni ileile tu?" Huyo ndiye uliyemsubiri. Mpe kadi mbili, raba bendi ya kuzifunga pamoja, na karatasi iliyoandikwa 4, yaani rudia mara nne. Vitufe bado atabonyeza vyote, kwa kuwa nyuki huyu hana kitufe cha kurudia, lakini kadi zake zimebaki mbili.