Rockwell ya mtumba ikisoma chini, anza kwenye meza yake

Mashine yangu ya kupima ugumu wa chuma niliinunua kwenye karakana moja iliyokuwa inafungwa hapa Morogoro. Ni Rockwell ya mkono, ya wenzo na mawe ya uzito, haili umeme: inakandamiza ncha ya almasi kwenye chuma na kusoma imezama kiasi gani; ikizama kidogo, namba inakuwa kubwa. Natengeneza patasi za maseremala kwa springi za gari, na kupima kwa tupa kulikuwa kumenichosha.

Nilipoisimika, nikaweka kipande cha kipimo, yaani chuma ambacho ugumu wake unajulikana, kilichoandikwa 62 HRC (ugumu kwa skeli ya C ya Rockwell). Ikasoma 51. Nikasogeza, ikasoma 54, halafu 49.

Nilishuku almasi, nikaanza kuulizia bei ya nyingine. Usifanye hivyo kwanza. Kwenye skeli ya C, pointi moja ni milimita 0.002 tu za kuzama. Uchafu ukibonyea milimita 0.02 chini ya kipande, pointi 10 zimekwenda. Almasi iliyochakaa butu huzama kidogo, kwa hiyo namba hupanda. Zangu zilikuwa zinashuka, tena zinarukaruka. Hapo tafuta chini.

Chomoa kile kimeza kidogo kinachobeba kipande. Nilipokigeuza na kupitisha kidole gumba, kulikuwa na kinundu kwenye ukingo, kidogo hata jicho halikioni, lakini ngozi inakwama. Ndani ya tundu la skrubu kubwa, ambamo kimeza hicho hukaa, kulikuwa na grisi iliyoganda na vumbi la kutu. Safisha kwa mafuta ya taa, futa pakauke kabisa, kinundu kiondoe kwa jiwe laini la kunolea, bila kulazimisha. Usitumie tupa. Rudisha kikavu, bila grisi. Kisha piga vipimo viwili vya kukalisha vitu mahali pake, namba zake usizihesabu.

Yangu ikapanda hadi 59. Bado.

Pointi 3 zilizobaki zilikuwa kwenye silinda ya oili inayoshusha mawe taratibu. Nilipoachia mkono wa mashine, mawe yalidondoka mara moja, “kob!” Uzito ukishuka kwa kishindo, almasi huzama kupita kiasi. Niliongeza oili, nikaupandisha na kuushusha mkono mara nyingi hewa itoke, nikakaza skrubu ya kurekebisha mpaka mawe yakachukua kama sekunde 5 kushuka. Hakikisha pia mawe hayagusi ukuta wa mashine, na kwamba umeweka ya mzigo wa kilo 150 wa skeli ya C, siyo wa 100.

Almasi ikague mwisho, kwa kile kioo cha mafundi saa. Ikiwa imemeguka, badilisha, haina tiba.

Wakati wa kupima, zungusha gurudumu linalopandisha meza mpaka sindano ndogo ya saa ya kusomea ifike kwenye alama. Ukipitiliza, usirudishe nyuma. Hamia sehemu nyingine. Kati ya shimo na shimo acha nafasi ya angalau mara 3 ya upana wa shimo, na kipande cha kipimo kitumie upande mmoja tu, ule uliong'arishwa.

Sasa yangu inasoma 61.5, 62, 62.

Springi zenyewe zina tabia yake: zimepinda, na zikitoka kwenye moto zina magamba. Nisipozisugua kwa msasa pande zote mbili mpaka zilale bapa, hucheza juu ya meza na namba inaanguka tena. Patasi ya jana ilinisomea 53 asubuhi. Nikaisugua chini, nikaipima upya: 58.